Damu Inasema Nini Kuhusu Mwendo wa Mgonjwa wa Moyo na Figo

Karatasi ya majibu ya maabara ya mgonjwa wa moyo ambaye figo zake nazo zimedhoofu huwa imejaa namba, na nyingi kati ya hizo hazimjibu analotaka kujua. Yeye anataka kujua kama ataweza kupanda ngazi za nyumbani kwake, kwenda msikitini au kanisani kwa miguu, kubeba ndoo ya maji kutoka bombani. Kwa zaidi ya miaka ishirini watafiti wamekuwa wakipima viashiria vya damu vya wagonjwa wa namna hii na kuvilinganisha na uwezo wao wa kufanya mazoezi, kwa matumaini kwamba damu kidogo ya mkononi itaeleza kile ambacho leo hupimwa kwa kumtembeza mtu au kumpandisha kwenye mtambo. Kazi hiyo imezaa matunda, ila si yale yaliyotarajiwa. Viashiria vya bei ghali vinatabiri vizuri nani atalazwa tena na nani atafariki. Kuhusu nani atatembea umbali gani, vinasema kidogo, na figo zikiharibika vinasema kwa utata zaidi. Kwa maoni yangu, vinavyotusaidia kujua kwa nini mgonjwa huyu anahema na tumsaidie vipi ni vipimo vya kawaida ambavyo tumevizoea mno hata tunavipita haraka.

Kitabibu, uwezo wa mazoezi ni kiasi cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika moja. Mgonjwa hupandishwa kwenye baiskeli ya mazoezi au mashine ya kukimbilia akiwa amevaa barakoa iliyounganishwa na mtambo unaosoma hewa anayovuta na anayotoa, mzigo unaongezwa kidogo kidogo, mpaka aseme basi. Mwaka 1982 Karl Weber na wenzake waliwagawa wagonjwa wa moyo kushindwa katika madaraja manne kwa kipimo hicho: wanaozidi mililita 20 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito kwa dakika, wa kati ya 16 na 20, wa kati ya 10 na 16, na walio chini ya 10. Mwaka 1991 Donna Mancini na wenzake walionyesha kwamba mgonjwa anayevuka 14 anaweza kusubiri kupandikizwa moyo bila hatari kubwa, na tangu hapo namba hiyo imekuwa ikitumika kuamua nani apewe kipaumbele.

Kwa nini namba hiyo hushuka? Kanuni aliyoitoa Mjerumani Adolf Fick mwaka 1870 bado inatuongoza. Oksijeni inayotumika ni sawa na kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, mara tofauti ya oksijeni kati ya damu inayokwenda kwenye tishu na ile inayorudi. Kanuni ina sehemu mbili, na moyo unahusika moja kwa moja na sehemu moja tu. Ile ya pili inategemea himoglobini iliyomo ndani ya damu, mishipa midogo inayoifikisha damu kwenye misuli, na misuli yenyewe kama ina uwezo wa kuitumia oksijeni ikishaipata. Figo mbovu hazibakishi kitu salama hapo. Zinabakiza maji na chumvi, na moyo unaelemewa. Zinapandisha presha, na kuta za moyo zinanenepa. Zinashindwa kutoa homoni ya erithropoietini inayoamuru uboho utengeneze chembe nyekundu, na damu inapungua. Zinashindwa kutoa asidi mwilini, na misuli inaliwa. Moyo nao unalipiza. Wilfried Mullens na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba kwa wagonjwa waliolazwa na moyo kushindwa, kinachoumiza figo zaidi ni msongamano wa damu kwenye mishipa inayorudi moyoni, kuliko moyo kusukuma damu kidogo.

Kwa hiyo si ajabu kwamba kipimo cha eko, kile kinachotoa asilimia ya damu inayosukumwa kila pigo la moyo, hakiendani vizuri na mwendo wa mtu. Wako wenye asilimia 25 wanaoendelea na shughuli zao, na wako wenye asilimia 60 wanaoshindwa kufika mlangoni. Jambo hili limejulikana tangu miaka ya mwanzo ya 1980, na bado ndugu wa mgonjwa hutoka kliniki wakiwa wameishika asilimia ile peke yake.

Homoni za moyo zilitarajiwa kufanya vizuri zaidi. Mwaka 1981 Adolfo de Bold, akiwa Kingston nchini Kanada, aliwadunga panya kimiminika kilichotolewa kwenye vyumba vya juu vya moyo wa panya wengine, na wakaanza kukojoa maji na chumvi kwa wingi. Ndipo ikajulikana kwamba moyo nao hutoa homoni. Mwaka 1988 watafiti wa Kijapani wakapata homoni ndugu yake ndani ya ubongo wa nguruwe, nayo ni BNP, ambayo baadaye ilionekana kwamba kwa binadamu hutoka zaidi kwenye vyumba vya chini vya moyo pale kuta zake zinapovutwa. Inapotengenezwa hukatika vipande viwili: BNP yenyewe, inayofanya kazi na kuondoka kwenye damu haraka, na NT-proBNP, isiyo na kazi lakini inayokaa muda mrefu zaidi, ndiyo maana maabara nyingi huipima hiyo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2002 ulioongozwa na Alan Maisel, wenye wagonjwa 1,586 waliofika kitengo cha dharura wakiwa na shida ya kupumua, uliweka mpaka wa BNP kwenye pikogramu 100 kwa mililita, na kipimo kikaingia hospitalini duniani kote.

Hapo ndipo figo zinapochafua hesabu. NT-proBNP huondoka mwilini kwa sehemu kupitia figo, hivyo figo zikidhoofu inalundikana hata kama moyo haujabadilika. Madaktari wamejaribu kupandisha mpaka: kwa mwenye uwezo wa figo chini ya mililita 60 kwa dakika, wapo wanaotumia 200 badala ya 100 kwa BNP, na 1,200 kwa NT-proBNP. Kwa mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine, karibu kila jibu la NT-proBNP linakuwa juu ya mpaka wa kawaida, na kumwambia kwamba kipimo chake kiko juu ni kumwambia asilokuwa na haja ya kuambiwa. Lakini tusikimbilie kusema kipimo ni cha uongo. Wagonjwa wa figo wana mioyo iliyonenepa na miili iliyojaa maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya homoni hiyo imetoka kweli kwenye moyo unaoteseka. Ndiyo maana kwa wagonjwa hao hao kiwango kikubwa zaidi bado kinaashiria hatari kubwa zaidi. Kilichopotea ni uwezo wa kuisoma namba moja peke yake. Mgonjwa akilinganishwa na yeye mwenyewe, kiwango chake siku alipokuwa mkavu bila uvimbe na kiwango chake leo, kipimo kinarudisha maana yake.

Kuna pia mambo mengine yanayoipotosha namba hii, nitayataja kwa kifupi. Mtu mnene huwa na kiwango cha chini kuliko hali yake halisi; mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huwa na cha juu; na anayetumia dawa ya sakubitrili na valsatani BNP yake hupanda kwa sababu dawa yenyewe inazuia kimeng'enya kinachoivunja, wakati NT-proBNP inashuka.

Je, inatabiri mwendo? Utafiti wa HF-ACTION, uliotangazwa mwaka 2009 ukiwa na wagonjwa 2,331 kutoka Marekani, Kanada na Ufaransa, ulitoa nafasi nzuri ya kuangalia. Kwa wale waliopimwa damu, NT-proBNP ilipokuwa juu uwezo wa mazoezi ulikuwa chini, ila uhusiano huo ulikuwa wa wastani tu: wawili wenye kiwango sawa waliweza kutofautiana sana kwenye kipimo cha mazoezi. Kisha likaja jambo linalonigusa zaidi. Waliopangiwa mazoezi waliongeza uwezo wao kwa kiasi kidogo na kusema maisha yao yamekuwa nafuu, lakini viashiria vyao vya damu kwa jumla havikusogea kwa kiasi cha maana kuliko vya wasiopangiwa. Mwili ulipata nafuu na damu haikuitangaza. Mtu angeifuata karatasi ya maabara peke yake, angemwambia mgonjwa yule kwamba juhudi zake zimepotea bure.

Viashiria vingine havichukui muda mrefu kuvieleza. Troponini, inayoashiria chembe za moyo zinazokufa, hubaki juu muda wote kwa wagonjwa wengi wa figo bila ya wao kupata shambulio la moyo. Galektini-3, ya makovu ya moyo, inafuatana na figo kwa karibu kiasi kwamba ukishazingatia uwezo wa figo, sehemu kubwa ya inachotabiri inayeyuka. ST2 inasimama vizuri zaidi kwa sababu haitegemei sana figo, lakini nayo inahusu zaidi hatari ya kifo kuliko pumzi ya leo.

Kiashiria kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni kile tunachokiona cha kawaida kuliko vyote: kreatinini, ile ambayo kwayo tunasema figo ni nzima au mbovu. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Mtu mwenye misuli mingi hutoa nyingi, aliyekonda hutoa kidogo. Mgonjwa aliyeishi na moyo kushindwa kwa miaka kadhaa hupoteza nyama za mapajani na mabegani. Hamu ya kula inapotea, utumbo uliovimba hausagi chakula vizuri, na kukaa kitandani kunamalizia kilichobaki. Mama wa miaka sabini aliyekonda hivyo anaweza kuletewa jibu la kreatinini la kawaida kabisa huku figo zake zikifanya kazi nusu. Na misuli ileile iliyopotea, iliyofanya kreatinini yake ionekane nzuri, ndiyo ambayo angeitumia kutembea. Tafiti zinazowagawa wagonjwa kuwa wenye figo nzima na wenye figo mbovu kwa kreatinini zinaweza basi kumweka mama huyu kwenye kundi la wazima, kisha zikashangaa kwamba kundi hilo nalo lina watu wasioweza kutembea.

Tatizo hilo lina sura yake katika Afrika. Kanuni za kukokotoa uwezo wa figo zilizotumika kwa muda mrefu, ile ya mwaka 1999 na ile ya mwaka 2009, zilitungwa kwa takwimu za Marekani na ziliongeza matokeo ya mtu mweusi, ile ya pili kwa takriban asilimia 16, kwa dhana kwamba ana misuli zaidi. Mkulima mwembamba wa Afrika Mashariki aliongezewa asilimia hizo kwa rangi yake. Kanuni mpya ya mwaka 2021 imeondoa nyongeza hiyo. Utafiti uliofanyika Malawi, Uganda na Afrika Kusini, ukatangazwa mwaka 2022, ulipima figo kwa njia ya moja kwa moja ya kudunga dawa na kufuatilia inavyotoka, ukaonyesha kwamba kanuni za kreatinini huzipamba figo kuliko zilivyo. Kuna kipimo mbadala, sistatini C, protini inayotolewa na karibu chembe zote za mwili na isiyotegemea sana misuli. Pengo kati ya jibu la kreatinini na jibu la sistatini C kwa mtu mmoja lenyewe ni dalili ya misuli iliyopungua. Bei yake bado iko juu kwa hospitali zetu, lakini ningependelea fedha ya mgonjwa wa namna hii iende huko kuliko kwenye galektini.

Sasa himoglobini, au kama wasemavyo wengi wodini, wingi wa damu. Gramu moja ya himoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye gramu 14 kwa desilita ana karibu mililita 19 za oksijeni katika kila mililita 100 za damu inayotoka moyoni. Kwa mwenye gramu 8 hazifiki 11. Huyu wa pili ili afikishe oksijeni ileile kwenye misuli anahitaji moyo wake usukume damu mara moja na robo tatu ya kawaida, na moyo wenyewe ndio ulioshindwa. Hakuna homoni wala troponini inayoeleza kuhema kwake kwa uwazi kama hesabu hii. Bado nimeona mafaili ya wagonjwa ambamo damu ya gramu 8 imeandikwa ukurasa wa kwanza na haikurudiwa kutajwa tena hadi mwisho, na hilo linauma.

Kuujaza upungufu huo hata hivyo si jambo la kupandisha namba tu. Utafiti wa RED-HF wa mwaka 2013, wenye wagonjwa 2,278, ulitumia sindano za dabepoetini, dawa inayofanya kazi ya homoni ya figo. Himoglobini ilipanda, lakini vifo na kulazwa havikupungua, na damu iliganda kwenye mishipa ya watu wengi zaidi. Madini ya chuma yalikuwa na habari njema zaidi. Katika FAIR-HF mwaka 2009, wagonjwa 459 wenye upungufu wa chuma walipewa chuma kwa njia ya mshipa au maji ya chumvi yasiyo na dawa, na waliopewa chuma walitembea umbali mrefu zaidi kwa dakika sita, takriban mita 35 kuwazidi wenzao. CONFIRM-HF ya mwaka 2014 ikapata kitu kinachokaribiana, mita 33. Nafuu iliwafikia hata wasiokuwa na upungufu wa damu, kwa sababu chuma hakihitajiki kwenye damu peke yake. Misuli inakihitaji ili kuigeuza oksijeni kuwa nguvu. Vidonge vilishindwa: IRONOUT ya mwaka 2017 iliwapa wagonjwa 225 chuma cha kumeza au kidonge kisicho na dawa kwa wiki 16, na uwezo wa mazoezi haukubadilika. Sababu inajulikana. Ini hutoa homoni ya hepsidini inayofunga mlango wa chuma utumboni, na homoni hiyo hupanda palipo na inflamesheni ya muda mrefu mwilini na palipo na figo mbovu. Mgonjwa wa moyo na figo anayemeza vidonge vya chuma mwaka mzima anaweza kuwa anameza kitu kisichoingia.

Kulijua hitaji hilo kuna mtego wake. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma, hupanda kwa maambukizi na kwa inflamesheni yoyote, hivyo kwa watu wetu wanaopata malaria na kifua kikuu inaweza kuonyesha akiba isiyofikika. Asilimia ya transferini iliyobeba chuma, ikiwa chini ya 20, inaaminika zaidi.

Kitu kingine cha bei nafuu ni bikaboneti. Figo zikishindwa kutoa asidi, mwili hujaribu kuiondoa kwa kupumua haraka zaidi, kwa kuwa hewa ukaa inayotoka nje hupunguza asidi ya damu. Mgonjwa huanza safari akiwa tayari anapumua zaidi ya inavyohitajika, na asidi hiyohiyo huvunja protini za misuli yake. Kuhema huko huhesabiwa kwenye akaunti ya moyo, anaongezewa dawa ya kutoa maji, na figo zinakaushwa zaidi.

Na mwendo wenyewe upimwe. Mtambo wa barakoa ni wa gharama kubwa na uko hospitali chache, lakini mwendo wa dakika sita unahitaji ukumbi ulionyooka wa mita 30, koni mbili, saa na kiti. Mgonjwa huambiwa atembee kwa kasi yake mwenyewe, aende na kurudi, apunguze au asimame akichoka; akisimama saa haisimami. Mpimaji hatembei mbele yake wala ubavuni, maana atamvuta, na maneno ya kumtia moyo ni yaleyale kila dakika ili kila mgonjwa apimwe sawa. Mwisho huandikwa mita, mapigo ya moyo, oksijeni ya kidoleni, na kiasi cha kuhema kwa maneno yake. Kwa wagonjwa wa utafiti wa SOLVD, kama ilivyoandikwa mwaka 1993, walioshindwa kufika mita 300 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Muuguzi mmoja akifundishwa asubuhi moja anaweza kuifanya kazi hii kliniki nzima.

Hoja ya kuyafanya haya yote kwetu haitokani na uhaba wa mitambo tu. Utafiti wa THESUS-HF, uliotangazwa mwaka 2012 ukiwa na wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kutoka nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulikuta wastani wa umri ni miaka 52, na sababu kuu ni presha, ugonjwa uleule unaoharibu figo. Muhimbili, Dar es Salaam, Abel Makubi na wenzake walikuta zaidi ya nusu ya wagonjwa wao wa moyo kushindwa wana upungufu wa damu na karibu nusu wana upungufu wa chuma, na wenye vyote viwili ndio waliokuwa katika hali mbaya zaidi. Hawa ni watu wa umri wa kulima, kuvua, kuendesha bodaboda na kulea watoto wadogo; kwao kushindwa kutembea ni kushindwa kula.

Tafiti kadhaa kubwa za dawa za moyo, PARADIGM-HF ya mwaka 2014 na DAPA-HF ya mwaka 2019 zikiwamo, hazikuwaandikisha wenye uwezo wa figo chini ya 30. Wale ambao swali hili linawahusu zaidi ndio wasiokuwamo kwenye majibu. Pengo hilo hospitali za Afrika Mashariki zinaweza kuanza kuliziba kwa kile zilichonacho: himoglobini, asilimia ya transferini, bikaboneti, kreatinini na, panapowezekana, sistatini C, vyote vichukuliwe siku ileile ambayo mgonjwa ametembezwa ukumbini, na mita zake ziandikwe kwenye faili pamoja na namba hizo, kisha avirudie baada ya miezi mitatu ya matibabu.